Mwongozo wa kutunza meno na fizi, kuanzia sinki la nyumbani hadi kiti cha daktari

Jino halina haraka ya kulalamika. Tabaka lake la nje, enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, linaushinda hata mfupa, na halina mshipa wa fahamu hata mmoja. Ndiyo maana tundu linaweza kuanza, likapanuka, likakaribia kiini cha jino, na mwenye jino akaendelea kutafuna bila wasiwasi. Siku linapoanza kumkosesha usingizi, uharibifu huwa umeshafika kwenye mishipa. Fizi nazo tabia yao ni hiyo hiyo. Huvimba, hutoa damu, huanza kuachana na jino, na mara nyingi haziumi kiasi cha kumtoa mtu nyumbani.

Kwa hiyo kazi nyingi iliyomo humu ni ya kufanya wakati hakuna kinachouma. Hatua nyingine ni za dakika moja tu. Hatua ya nne nimeikalia zaidi, kwa sababu huko ndiko watu wanakopoteza meno wakidhani wanayatunza.

Hatua ya 1: Jikague mbele ya kioo

Washa taa, simama mbele ya kioo, vuta mdomo wa chini kwa kidole. Usianze na meno, anza na mstari ambapo fizi inakutana na jino. Fizi nzima imekaza, imelibana jino, na ile ncha yake iliyo kati ya meno mawili ni nyembamba na imechongoka. Rangi isikupoteze: wapo wenye fizi za waridi, wapo wenye fizi za kahawia au nyeusi kwa maumbile, na zote ni sawa. Unachotafuta ni sehemu iliyotofautiana na jirani zake: imetuna, inang'aa, imekuwa nyekundu, au imepanda na kuacha shingo ya jino wazi.

Kisha pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukihisi kitu kigumu kinachokwaruza, huo ni ugaga. Hupenda kukaa hapo kwa sababu matundu ya tezi za mate yako chini ya ulimi, na mate yana madini. Ule utando laini unaonata kwenye meno kila siku, ukoga, usipoondolewa hufyonza madini hayo na kugeuka jiwe, na kazi hiyo inaweza kuanza ndani ya siku moja hadi tatu. Ukoga unaondoka kwa mswaki. Ugaga hauondoki, usugue utakavyo, na tafadhali usiukwangue kwa pini wala ncha ya kisu.

Malizia na mambo machache: jino linalocheza ukilisukuma kwa kidole, doa jeusi au la kahawia kwenye mifereji ya magego, mahali ambapo chakula hunasa kila unapokula, na doa jeupe lisilong'aa karibu na fizi. Hilo doa jeupe ni la kulivalia njuga mapema. Ni enameli iliyoanza kupoteza madini lakini haijatoboka, na katika hali hiyo bado madini yanaweza kurudi kwa usafi na dawa ya meno yenye floridi. Likishatoboka hakuna tena kurudi, kwa maana enameli haina chembe hai za kujijenga upya.

Angalia pia ulimi, chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Kidonda, uvimbe au baka jekundu au jeupe ambalo limezidi wiki tatu bila kupona lionwe na daktari, hata kama haliumi. Hapo kinachotafutwa ni dalili za mapema za saratani ya kinywa, na kwa mvuta tumbaku au mnywaji wa pombe si jambo la kuahirisha.

Hatua ya 2: Pata vifaa vinavyofaa

Mswaki uwe laini na kichwa chake kiwe kidogo. Wengi huchukua mgumu wakiamini unatakatisha zaidi, kumbe huo ndio unaokula shingo ya jino na kuisukuma fizi. Ubadilishe kila baada ya miezi mitatu au minne, au mapema zaidi nywele zikianza kutawanyika. Mswaki wa umeme ni mzuri, hasa kwa mtu ambaye mikono yake haina nguvu au inatetemeka, lakini wa kawaida ukitumiwa sawasawa unatosha kabisa.

Kwenye dawa ya meno, geuza boksi usome nyuma. Neno unalolitafuta ni floridi, na kipimo chake kwa mtu mzima kiwe kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 1000 na 1500. Rangi, povu na ladha ni mapambo. Dawa zenye mkaa zinazotangazwa kwamba hung'arisha meno siwezi kukushauri: zinaweza kukwaruza, na nyingi hazina floridi. Yapo maeneo ambayo maji ya kunywa yana floridi nyingi kwa asili, na meno ya watoto wanaokulia huko hutoka na madoa. Kama unaishi eneo la namna hiyo, muulize daktari wa meno kabla ya kumchagulia mtoto dawa.

Ongeza uzi wa meno, au zile brashi ndogo za kupitisha katikati ya meno. Dawa ya kusukutua si lazima.

Hatua ya 3: Piga mswaki pale ugonjwa unapoanzia

Mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Ukilazimika kuchagua mmoja, chagua wa usiku. Mtu akilala mate hupungua sana, na mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi na kuyarudishia meno madini. Baada ya mswaki wa usiku, kisipite kitu kinywani isipokuwa maji.

Shika mswaki kwa vidole kama ushikavyo kalamu, usiukamate kwa ngumi. Mkono ulioshika kama kalamu hauwezi kukandamiza kupita kiasi. Ulaze mshazari, kwenye pembe ya digrii 45 hivi, nywele zikielekea kwenye fizi: nusu ziguse jino, nusu ziguse ukingo wa fizi. Bonyeza kidogo tu hadi nywele zianze kupenya chini ya ukingo huo. Sasa tikisa kwa miondoko mifupi, mbele na nyuma, juu ya meno mawili au matatu, hesabu hadi kumi, kisha fagia kuelekea upande wa kutafunia. Sogea kwenye meno yanayofuata. Ukiona unavuta mswaki kwa mwendo mrefu kutoka shavu hadi shavu, umeacha kusafisha ukingo wa fizi, unapita juu ya migongo ya meno tu.

Kila mtu ana mahali anapopasahau. Mara nyingi ni upande wa ndani wa magego ya chini, na mgongo wa gego la mwisho kabisa. Basi anzia huko, wakati bado una subira. Magego ya juu ya nyuma yana ujanja wake: usipanue mdomo, ufumbe kidogo. Mdomo ukiwa wazi sana, shavu hukaza na mfupa wa taya husogea mbele ukaziba njia. Ukiufumba nusu, shavu hulegea na kichwa cha mswaki hupita vizuri. Kwa upande wa ndani wa meno ya mbele, simamisha mswaki wima na utumie ncha yake.

Ulimi nao. Uburute mswaki kutoka nyuma kuja mbele, mara tatu au nne. Harufu mbaya ya kinywa mara nyingi hutoka kwenye mgongo wa ulimi, huko nyuma, wala si tumboni kama wengi wanavyodhani.

Ukimaliza, tema povu na uishie hapo. Ukisukutua kwa maji mengi, unaisukumia sinkini floridi uliyotaka ibaki juu ya meno. Watu wengi hawapendi hili siku za kwanza, kisha huzoea. Anayetumia dawa ya kusukutua aitumie saa nyingine, kwa mfano baada ya chakula cha mchana.

Kuna wakati mmoja ambao usikimbilie mswaki: ukitoka kunywa kitu kikali chenye asidi, kama juisi ya machungwa au soda, au ukitoka kutapika. Asidi huilainisha enameli kwa muda, na mswaki ukipita hapo hapo unaikwangua. Sukutua kwa maji, subiri kama nusu saa, ndipo upige mswaki. Mama mjamzito anayetapika kila asubuhi aliweke hili akilini.

Hatua ya 4: Safisha katikati ya meno

Gego lina pande tano: wa nje, wa ndani, wa kutafunia, na pande mbili zinazotazamana na majirani zake. Mswaki unafika kwenye tatu za kwanza. Pande mbili zilizobaki haufiki, hata ukipiga mara tano kwa siku. Na ni katika nafasi hizo ambapo ukoga hukaa bila kuguswa, fizi huvimba bila kuonekana, na matundu huanzia mahali ambapo kioo hakionyeshi.

Kata uzi wa sentimita 40 hadi 45. Zungushia sehemu kubwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja, na kiasi kidogo kwenye kidole cha kati cha mkono wa pili, ubakize kipande kifupi cha kufanyia kazi. Ukishike kwa kidole gumba na cha shahada. Ukifika pale meno yanapobanana, usiushindilie. Uuvute kulia na kushoto taratibu hadi uteleze. Uzi ukipita kwa kishindo unaikata fizi, na huo ndio mwanzo wa mtu kusema uzi unaumiza.

Ukishapita, uzungushe ulikumbatie jino moja kwa umbo la herufi C. Ushushe kando ya jino hadi chini ya ukingo wa fizi, pale unapohisi inakataa, kisha panda na kushuka mara tano au sita huku umelikumbatia jino. Sasa ugeuzie kwa jino la jirani, ndani ya nafasi ile ile. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaingiza uzi, wanautoa, wanaamini wamemaliza. Kazi haikuwa kutoa mabaki ya chakula, ilikuwa kufuta kuta mbili zinazotazamana. Sogeza sehemu safi ya uzi, nenda nafasi inayofuata.

Kama nafasi zako ni pana, au una meno bandia yasiyotoka, au vyuma vya kunyooshea meno, brashi ndogo hufanya kazi nzuri kuliko uzi. Chagua ukubwa unaojaa kwenye nafasi bila kulazimishwa. Huenda ukahitaji saizi mbili kwa kinywa kimoja. Kijiti cha kuchokolea hutoa nyama iliyonasa, hakisafishi ukuta wa jino, na kikitumiwa kwa nguvu huichoma fizi.

Siku za kwanza damu itatoka. Hapo watu hugawanyika: kuna anayeona damu akaacha, na kuna anayeendelea. Wa kwanza ameisoma dalili kinyume. Fizi nzima haitoki damu kwa kuguswa. Inatoka kwa sababu imevimba, na imevimba kwa sababu ya ukoga uliokaa hapo. Mwaka 1965, mtafiti Harald Löe na wenzake nchini Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye usafi, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Watu walewale, vinywa vilevile. Kilichobadilika ni ukoga tu.

Basi jipe wiki mbili za kusafisha kila siku bila kuruka. Damu ikipungua hadi kukoma, ulikuwa na uvimbe wa kawaida wa fizi na umeutibu mwenyewe. Ikiendelea kutoka baada ya hapo, huenda kuna ugaga chini ya fizi au ugonjwa umeshuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino, na huko nyumbani hufiki. Mvuta sigara asijipime kwa damu: tumbaku hubana mishipa midogo ya fizi, kwa hiyo fizi yake inaweza kuwa mgonjwa mahututi na isitoe hata tone.

Hatua ya 5: Hesabu mara unazokula sukari, usihesabu vijiko peke yake

Bakteria waliomo kwenye ukoga wanapopata sukari huigeuza asidi ndani ya dakika chache. Asidi ikishusha pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ikipungua asidi imezidi) kwenye uso wa jino hadi chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kuachia madini. Mate huchukua kama nusu saa, wakati mwingine zaidi, kurudisha hali. Kila unapoonja kitu kitamu, saa hiyo inaanza upya.

Ndiyo sababu soda moja iliyonywewa pamoja na chakula ikaisha ina madhara madogo kuliko chupa ile ile iliyowekwa mezani ikipigwa funda moja moja mchana kutwa. Kanuni ni rahisi: vitu vitamu viende pamoja na mlo, na kati ya mlo na mlo kinywa kipate maji. Pipi ya kufyonza ni mbaya kuliko chokoleti inayoyeyuka na kumezwa. Dawa za kikohozi za maji, hasa wanazopewa watoto kabla ya kulala, huwa na sukari pia. Ziwahi kabla ya mswaki, zisiufuate. Chingamu isiyo na sukari ikitafunwa kwa dakika 20 mara baada ya kula huongeza mate, ingawa haichukui nafasi ya mswaki.

Mwenye kinywa kikavu ana hatari zaidi, na mara nyingi hajui kwamba chanzo ni dawa anazomeza: baadhi ya dawa za mzio, za presha na za sonona hupunguza mate. Usiziache kwa uamuzi wako. Mwambie aliyekuandikia, na mweleze pia daktari wa meno.

Hatua ya 6: Nenda kwa daktari wa meno kabla hujaumwa

Ule usemi wa kila miezi sita ni mazoea mazuri, lakini si amri. Mwenye ugonjwa wa fizi, kisukari au matundu yanayojirudia anaweza kuhitaji kuonwa kila miezi mitatu; mtu mzima ambaye kinywa chake kimetulia anaweza kukaa mwaka au zaidi. Daktari akikupangia tarehe, muulize kwa nini ameichagua hiyo.

Nenda na orodha ya dawa zako zote, au zipige picha. Taja kisukari, presha, ugonjwa wa moyo na hasa valvu, ujauzito, mzio, dawa za kuzuia damu isigande na dawa za kuimarisha mifupa. Hayo yanabadilisha namna ya kung'oa jino na hata aina ya ganzi. Mjamzito asiogope kwenda: fizi huvimba kirahisi wakati huo na matibabu ya kawaida yanafanyika salama. Miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu ya kukaa kitini.

Uchunguzi wa kweli una kitu kimoja ambacho watu wengi hawajawahi kufanyiwa, nao ni kupimwa fizi. Daktari hushika kifaa chembamba chenye alama za milimita, akakiteremsha taratibu kati ya jino na fizi, sehemu sita kwa kila jino, huku akitaja namba na msaidizi akiandika. “Mbili, tatu, mbili. Tatu, tatu, tano.” Namba hizo ni kina cha mfuko wa fizi. Moja hadi tatu ni salama. Nne na kuendelea zinahitaji kufuatiliwa, na tano au sita yenye kutoa damu inaashiria kwamba fizi imeachana na jino na huenda mfupa umeanza kuliwa. Omba uambiwe namba zako, na safari ijayo ulize kama zimeshuka. Mtu anayezijua namba zake huwa anakumbuka uzi wake.

Picha ya eksirei huonyesha yaliyojificha: matundu katikati ya meno, usaha kwenye ncha ya mzizi, urefu wa mfupa. Mionzi yake ni kidogo sana, ila mjamzito aseme mapema.

Kusafishwa meno ni kuondolewa ugaga, mara nyingi kwa mashine yenye ncha inayotetemeka kwa kasi huku ikimwaga maji. Kuna imani iliyoenea kwamba kusafishwa hulegeza meno na kuacha mapengo. Ukweli ni kwamba ugaga ulikuwa umejaza nafasi ambayo fizi na mfupa vilishaiacha. Ukiondolewa, nafasi inaonekana, na fizi iliyovimba ikinywea inaonekana zaidi. Mashine haikuleta pengo, imelifunua. Meno yanaweza kupata ganzi kwa vitu baridi siku chache, kisha yanatulia. Mifuko ikiwa mirefu, usafi unashuka hadi chini ya fizi kwa sindano ya ganzi, pengine kwa awamu. Mwenye kisukari asiache awamu yoyote, kwa sababu uhusiano ni wa pande mbili: sukari ikipanda fizi huharibika, na fizi zikiwa mbaya sukari huwa ngumu kuidhibiti.

Tazama pia usafi wa mahali penyewe. Glovu zivaliwe mpya mbele yako, sindano ifunguliwe mpya, vifaa vitoke kwenye pakiti iliyofungwa. Kuuliza vinavyochemshwa na kutakaswa vipi si utovu wa adabu.

Hatua ya 7: Elewa tiba kabla ya kuikubali

Tundu dogo linazibwa, na shughuli inaisha kwa mkao mmoja. Siku hizi wengi hupata ujazo wenye rangi ya jino. Ule wa rangi ya fedha una zebaki, na mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulizitaka nchi zipunguze matumizi yake. Ulio nao ukiwa mzima hauna haja ya kung'olewa kwa sababu hiyo tu.

Tundu likifika kwenye kiini, linalobaki ni kutibu mzizi au kung'oa. Kutibu mzizi ni kuondoa kiini kilichooza, kusafisha mifereji yake na kuijaza. Jino la mbele huwa na mfereji mmoja, gego linaweza kuwa na mitatu au minne, ndiyo maana gego huchukua muda na gharama zaidi. Maumivu yanayosimuliwa kuhusu tiba hii mara nyingi ni ya ugonjwa wenyewe, yaliyokuwepo kabla. Gego lililotibiwa mzizi kwa kawaida huhitaji kuvishwa kofia, yaani kifuniko kigumu juu ya jino, la sivyo linaweza kupasuka.

Kung'oa ni rahisi na haraka, na wengi huomba wenyewe. Kabla ya kukubali, uliza: linaweza kuokolewa? Nioneshe kwenye picha. Nikisubiri itakuwaje? Gharama yote pamoja na kofia au jino bandia ni ipi? Pengo lisilozibwa huyafanya meno ya jirani yainame, na jino la upande wa pili hurefuka likitafuta mwenzake, kwa hiyo akiba ya leo inaweza kuwa bili ya baadaye.

Likishang'olewa, uma kitambaa cha shashi kwa nguvu nusu saa bila kukifungua kuchungulia. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme teme, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Kule tunduni kuna bonge la damu, nalo ndilo bandeji yako. Kesho yake anza kusukutua polepole kwa maji vuguvugu yenye chumvi, hasa baada ya kula. Maumivu yanatakiwa kupungua kila siku. Yakizidi kuanzia siku ya pili au ya tatu, yakapanda hadi sikioni, huenda bonge limetoka na mfupa umebaki wazi. Rudi, tiba yake ni ndogo.

Na antibiotiki: haziponyi jino bovu. Zinatuliza kwa siku chache, chanzo kikabaki kule kule ndani. Wala usiweke aspirini kwenye fizi, inaichoma. Imezwe, kama unaruhusiwa kuitumia.

Kwa wenye watoto

Anza jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na miezi sita, na mpeleke kwa daktari kabla hajatimiza mwaka. Hadi miaka mitatu, dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele. Kati ya mitatu na sita, punje ya njegere. Mtoto asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Mpigie mswaki wewe mwenyewe hadi afike miaka saba au minane, maana mikono yake bado haijaweza.

Karibu na miaka sita hutokea jambo linalowapita wazazi wengi. Gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Mzazi akiona tundu humo husema, “Ni la utoto, litang'oka tu.” Halitang'oka, na halina mbadala. Likichomoza, omba mifereji yake izibwe kwa utando wa kinga, vivyo hivyo na yale yanayoota karibu na miaka 12. Meno ya utoto nayo yasidharauliwe. Magego yake hukaa hadi miaka 10 au 12 yakiwashikia nafasi wenzao.

Mambo ya kukimbilia

Uvimbe wa uso unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, homa, mdomo usiofunguka, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa.

Jino la kudumu likigongwa likatoka zima, dakika ndizo zinazoamua:

1. Liokote kwa kushika sehemu ya kutafunia. Usiguse mzizi, usiusugue, usiufute.
2. Likiwa na uchafu, lisuuze kwa maziwa au maji kwa sekunde chache tu.
3. Lirudishe kwenye tundu lake, upande wa mbele ukitazama mbele, na mwenye jino aume kitambaa safi kulishikilia.
4. Ukishindwa kulirudisha, litumbukize kwenye maziwa. Kama hakuna maziwa, mwenye jino atemee mate kwenye kikombe na jino liwekwe humo. Usilifunge kwenye karatasi kavu, wala usiliache kwenye maji.
5. Fika kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Ndani ya nusu saa ni bora zaidi.

Jino la utoto usilirudishe kamwe, kwa sababu unaweza kuliumiza la kudumu linaloota chini yake. Mpeleke mtoto akaguliwe, na jino lenyewe lichukue uende nalo, ili daktari ahakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani.